DD-214 yangu (hati ya kuondoka jeshini Marekani) haionyeshi kama niliwahi kufika Afghanistan. Nianzie wapi?

MwanaTanga

Wakuu, salaam. Walionizidi umri, shikamooni.

Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupita njia hii. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya green card, na Oktoba 2009 nikajiunga na jeshi la nchi kavu. Mafunzo ya mwanzo nilifanyia Fort Jackson, ya udereva wa malori Fort Leonard Wood. Kiapo cha uraia nilikila nikiwa ndani ya kombati. Februari 14, 2011 tukapelekwa Kandahar, na Februari 3, 2012 tukarudi. Muda wote huo nilikuwa kwenye misafara ya malori. Mwezi wa Septemba lori lililokuwa mbele yangu lilikanyaga bomu la kutegwa. Kioo changu kilipasuka, na masikio yalivuma siku tatu. Dereva wake alipona, namshukuru Mungu. Oktoba 2013 mkataba wangu ukaisha, nikaondoka kwa heshima.

Siku ya kuondoka, karani alinisogezea karatasi hiyo ya DD-214, akaweka kidole pale pa kutia sahihi. Mke wangu alikuwa ananisubiri kwenye gari na mtoto wa wiki tatu. Nikasaini. Sikusoma hata mstari mmoja.

Mwaka huu nimepimwa, nina pumu. Kule Kandahar taka zilichomwa wazi kwenye mashimo, moshi tukaulala na kuamka nao. Nilipokwenda kufungua madai VA, idara ya maveterani, mhudumu akaisoma DD-214 yangu mara mbili, kisha akaniuliza taratibu, "Una uhakika ulikwenda?" Nikaichukua nikaiangalia mwenyewe. Kisanduku cha 12, mstari wa utumishi nje ya nchi, kuna sifuri tupu. Kisanduku cha 13 kuna nishani ya ulinzi wa taifa, ile ya vita dhidi ya ugaidi, na utepe wa utumishi wa jeshi, basi. Kisanduku cha 18 hakuna neno Afghanistan.

Nisiwafiche, imeniuma mahali pa zamani. Babu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa jeshi la Mwingereza la King's African Rifles, akapigana Burma. Alirudi na koti na kidonda cha mguu, nishani hakuipata mpaka tunamzika. Nilikua nikimsikia akisema waliandika jina lake vibaya, na hakujua kwa kwenda kulalamika. Sitaki mwanangu asimulie hivyo hivyo juu yangu.

Ninachouliza: nishani gani hasa ni haki yangu? Nani anarekebisha? Na je, miaka zaidi ya kumi imepita, sijachelewa?

Bi_Sajenti

Pole sana, ndugu yangu. Mimi ni wa Mombasa, nilikuwa karani wa rasilimali watu jeshini miaka minane. Hati hizi nimezijaza kwa mikono yangu, kwa hiyo niamini: kosa lako linarekebishika.

Kwanza haki yako. Nishani ya Kampeni ya Afghanistan inataka siku 30 mfululizo au 60 za kuunganisha. Wewe una karibu mwaka. Na usiombe nishani tupu, omba na nyota zake. Kampeni ile imegawanywa kwa vipindi, na kila kipindi ulichogusa hata kwa siku moja kina nyota yake ndogo ya shaba juu ya utepe. Kipindi kimoja kiliisha Juni 30, 2011, kingine kikaanza Julai 1. Wewe ulikuwepo pande zote mbili, kwa hiyo nyota zako ni mbili. (Hizi si Bronze Star, ile ni nishani nyingine ya peke yake. Watu huchanganya, wakajiandikia wasichopewa, wakaaibika.) Juu ya hiyo kuna nishani ya NATO ya ISAF, kile kikosi chake cha Afghanistan, nayo ni siku 30. Na kuna utepe wa utumishi ng'ambo. Ya mwenendo mwema ni miaka mitatu ya utumishi. Hiyo haiji yenyewe, ila kama hakuna kamanda aliyeandika kukunyima, iombe.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo wengi huanguka. Watu huandika barua ndefu ya uchungu, ndani hamna karatasi hata moja. Anayeisoma hakujui. Anataka kitu kilichoandikwa siku zile zile. Tafuta amri ya kupelekwa. Tafuta tathmini yoyote au cheti chochote cha wakati ule. Na tafuta slipu zako za mshahara. Slipu ya mwezi uliokuwa Kandahar ina mstari wa malipo ya hatari, dola 225, na inaonyesha mshahara haukukatwa kodi kwa sababu ya eneo la vita. Nimeona mtu aliyepoteza kila kitu akarudishiwa haki kwa slipu mbili tu. Kama huna, waandikie DFAS, ofisi ya fedha ya jeshi, wana kumbukumbu za malipo.

Faili lako usihangaike nalo kwa ule moto wa 1973 kwenye ghala la kumbukumbu za jeshi, St. Louis. Moto ule uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, lakini wa jeshi la nchi kavu walioguswa ni walioondoka kabla ya 1960. La kwako liko kwenye kompyuta. Liombe lote kupitia tovuti ya milConnect au kwa fomu SF-180, ni bure. Lisome ukurasa kwa ukurasa kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Mara nyingi amri imo humo humo ndani ya faili, ila karani hakuihamishia kwenye DD-214.

Ukishakusanya, peleka maombi kwa kamandi ya rasilimali watu, Fort Knox, Kentucky. Wakikubali hawafuti DD-214 yako, wanatoa DD-215, karatasi ya masahihisho inayokaa pamoja nayo. Tangu siku hiyo zitunze mbili hizo kama pacha. Wakikataa, ndipo unajaza DD-149 kwenda kwa bodi ya masahihisho ya kumbukumbu za jeshi. Usiruke ngazi, bodi hurudisha maombi ya mtu ambaye hajapita Fort Knox kwanza. Kuhusu kuchelewa: sheria inasema miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, na wewe umeligundua mwaka huu. Hata ikipita, bodi ina mamlaka ya kusamehe muda kwa ajili ya haki. Lakini andika wazi tarehe uliyogundua na jinsi ulivyogundua, hayo ya mhudumu wa VA yaandike vile vile ulivyotueleza hapa.

Na tafadhali, pumu yako isisubiri masahihisho haya. Ni njia mbili tofauti. Jaza 21-0966 leo, fomu ya kutangaza nia ya kudai. Inakushikia tarehe yako kwa mwaka mzima. Sheria ya PACT ya Agosti 2022 inahesabu pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi kuwa imetokana na huko, kwa aliyekuwa Afghanistan. Slipu zile zile zinawatosha VA kuona ulikuwepo.

Dereva_wa_Kigoma

Kaka, nami nilikuwa dereva wa malori, ila Bagram. Bi Sajenti amemaliza, nina moja tu la kuongeza. Hilo bomu la Septemba usiliache. Kuna beji ya aliyekuwa mapambanoni kwa sisi tusio askari wa miguu, Combat Action Badge. Lazima uwe ulikuwepo mwenyewe na karibu kiasi cha kuweza kudhurika. Kioo kupasuka mbele ya uso wako ni karibu.

Watafute waliokuwa kwenye msafara ule. Mimi niliwapata wawili kwa Facebook baada ya miaka tisa. Mwenye gari la nyuma yangu alikuwa anakumbuka hadi wimbo uliokuwa unapigwa. Kila mmoja aandike maelezo ya kiapo kwenye DA 2823: tarehe, mahali, gari la ngapi, aliona nini kwa macho yake. Mwambie asiandike "alikuwa askari shujaa", aandike "nilikuwa mita kadhaa nyuma yake, nikaona kioo kikipasuka". Na kila mtu aandike kwa maneno yake. Maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno yanaleta mashaka.

Uko jimbo gani? Kama ni Ohio, kila kaunti kati ya zile 88 ina ofisi ya huduma kwa maveterani. Wanakaa nawe mezani, wanajaza nawe, hawachukui hata senti. Akitokea mtu anataka umlipe kwanza, ondoka.

MwanaTanga

Ndiyo, niko Columbus, na nilishafika ofisini kwao. Mama wa pale alinifungulia kalenda, tukajaza ile 21-0966 palepale.

Naleta habari. Bi Sajenti aliposema "cheti chochote", nilikaa kimya muda mrefu. Nikakumbuka Kandahar nilipewa ARCOM, nishani ya pongezi ya jeshi, mwisho wa safari, na cheti chake nilikituma nyumbani kwa mama, kwa sababu nilitaka akione kabla yangu. Nimempigia jana. Akaniambia, "Si kiko ukutani, chini ya picha ya babu yako?" Miaka yote hiyo!

Mpwa wangu amekishusha na kukipiga picha kwa simu. Kioo kina vumbi na karatasi imeingia manjano pembeni, lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna nambari ya amri, tarehe ya Januari 2012, na jina la Kandahar. Jina langu limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi. Na ARCOM yenyewe haimo kwenye kisanduku cha 13. Sikujua hata kwamba imekosekana.

Slipu nazo mke wangu anazo tatu, za Mei, Juni na Agosti 2011, alizihifadhi pamoja na kadi za kliniki za mtoto. 225 iko kwenye zote.

Mama anauliza kama arudishe cheti ukutani au nikitume.

Bi_Sajenti

Kirudi ukutani. Asili haitumwi kwa mtu, Fort Knox wala bodi, peleka nakala tu. Mwambie mpwa akitoe kwenye fremu kwanza, akiskani stationery, pande zote mbili, ile nambari ya amri isomeke. Mei na Juni zinakupa nyota ya kwanza, Agosti inakupa ya pili. Ongeza ARCOM juu kabisa ya orodha yako.

Na mama mpe shikamoo yangu.