Naomba ushauri: likizo yangu na ya mume wangu hazikutani

Habari zenu wapendwa. Tuko Mtwara mjini, mimi nesi wa zamu, mume wangu yuko ghala la korosho, Oktoba msimu ukianza simpati hata Jumapili. Tunatamani sana kwenda Kilwa Kisiwani, mwezi uliopita nimeshakaanga hadi maandazi ya njiani, begi liko mlangoni, jioni napigiwa simu niingie zamu ya usiku, nililia jamani. Siku 28 za likizo kila mtu anazo ila tukiomba pamoja mmoja anakataliwa. Sasa nawaza sikukuu ya Nanenane, tuunge na siku mbili za ruhusa.

Kwa basi, kushuka Nangurukuru halafu Kilwa Masoko na boti, siku tatu zinatosha bila kukimbizana? Na nyie mlioajiriwa wote wawili, likizo mnaombaje mpaka zinakutana?