Tupeane uzoefu: kumchunguza mtoto usonji akija sindano ya miezi 18

Muuguzi, kliniki ya watoto, Nakuru
Wenzangu, akishadungwa ile sindano ya pili ya surua na rubela, mtoto wengi wetu hatumwoni tena mpaka augue. Kwa hivyo siku hiyo ndiyo ya kumchunguza. Fomu ya M-CHAT-R, ya kutafuta dalili za usonji (autism), ina maswali 20, ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30, na mzazi anaijaza akingoja kwenye benchi. "Hapana" ni alama moja, isipokuwa swali la 2, la 5 na la 12, ambapo "ndiyo" ndiyo alama. Hapo ndipo hesabu huharibika. Alama 0–2: asiyetimiza miaka miwili achunguzwe tena akishaitimiza. 3–7: rudieni maswali yaliyopata alama, mkiomba mfano wa kila jambo, yakibaki mawili au zaidi, rufaa. 8 kwenda juu: rufaa moja kwa moja. Nyinyi mnayaulizaje?

Mtaalamu wa matamshi, Kisumu
Sista, ukiuliza "anaonyesha kwa kidole?" ukaishia hapo, karibu kila mama atasema ndiyo. Kumbe mtoto humshika mama kifundo cha mkono na kuupeleka mkono ule kwenye jagi, bila kumtazama usoni. Huko si kuonyesha. Uliza hivi: "Akiona ndege mtini, ananyoosha kidole kisha anakugeukia kuona kama nawe umemwona?" Huko kugeuka ndiko tunakokutafuta.

Jina nalo, mwite kutoka nyuma kwa sauti ya kawaida, bila makofi wala pakiti ya biskuti. Akigeukia pakiti, umepima sikio tu. Na sikio lenyewe lipimwe kwa mashine kila mara, hata kama anakimbilia muziki wa simu. Anaweza kusikia ngoma na asisikie "s" na "f".

Jambo linaloniuma: tuache kuwaambia wazazi waache Dholuo nyumbani wabaki na Kiingereza. Lugha mbili hazileti usonji. Nyanya asiyekuwa na Kiingereza huishia kunyamaza, na mtoto anapoteza hata yale maneno machache aliyokuwa akiyapata.

Mkufunzi wa wazazi, Kakamega
Foleni ya daktari ni ndefu, lakini nyumbani wazazi wanaweza kuanza leo hii kumzoesha mtoto kuwasiliana. Andazi moja likatwe vipande vinane. Mama akae sakafuni, uso wake usawa na wa mtoto, ampe kipande kimoja, cha pili akishike karibu na shavu lake mwenyewe, ahesabu moyoni mpaka kumi. Mtoto akitupa jicho, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote ile, mama aseme "andazi!" na ampe papo hapo. Neno moja linatosha. Akianza kulia, mama amengoja mno. Ampe, na kipande kinachofuata ahesabu mpaka tatu. Dakika tano tano, wakati wa uji, wa kuoga, wa kuvaa. Linaloharibu ni maswali mfululizo ("hii nini? sema! sema mama!"), mtoto hugeuza uso, na mama akadhani ni kiburi.

Muuguzi, Nakuru
Asante mwalimu. Na aliyekuwa na maneno yakapotea?

Mtaalamu wa matamshi, Kisumu
Huyo usimngojee fomu, awe na umri wowote. Rufaa wiki hiyo hiyo, na kama huganda akikodoa macho, daktari aambiwe, huenda ni kifafa. Mambo ya shule yana kituo cha tathmini, EARC, ila hayo ni ya baadaye.

Kwenye barua ya rufaa andika ulichokiona: "miezi 19, haonyeshi kwa kidole, ameitwa mara nne ameitikia moja, alama 9." Barua inayosema "amechelewa kuongea" tu humrudisha mtoto nyumbani na ushauri wa kungoja, na anaporudi huwa ana miaka minne.