Naomba ushauri: betri ya kubeba friza ya samaki usiku kucha, Kigoma mjini

DadaWaMwalo: Wakuu habari zenu. Nauza migebuka na kuhe wa kugandisha hapa Kigoma. Umeme ukikatika jioni ukarudi alfajiri, samaki wanakuwa wameanza kulegea, mteja akibonyeza anashusha bei. Jenereta inamaliza faida yote kwa petroli. Friza ni moja, wati 120. Fundi anataka nichukue paneli mbili za wati 200, inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), na betri mbili za gari N70 zilizotumika. Nitoe hela?

fundi_sola: Dada, usitoe. Betri ya gari kazi yake ni kuwasha injini kwa sekunde chache, kisha altaneta inaijaza. Ukiinyonya usiku kucha inakufa mapema, na mbili zilizochoka tofauti zinaharibiana.

Piga hesabu. Kompresa haizunguki muda wote. Tuseme nusu ya saa 12 za usiku. 120 mara 6 ni wati-saa 720; pamoja na kinacholiwa na inveta, weka 900. Betri ya jeli ya volti 12, Ah 200 (Ah ni ampea-saa; zidisha kwa volti upate wati-saa) ina wati-saa 2,400, ila usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 1,200. Lithiamu ya volti 12.8, Ah 100 ina kama 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi. Bei yake inauma, lakini inavumilia kuchajiwa maelfu ya mara. Mimi ningejibana ninunue hiyo.

Inveta iwe ya wimbi safi (inayotoa umeme laini kama wa gridi), wati 1,000 au zaidi, maana kompresa ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hizo 120.

Mzee wa Uvinza: Binti, kabla ya betri anza na barafu. Jaza chupa za maji, kila lita weka gramu 100 za chumvi, acha nafasi juu chupa zisipasuke, panga pembeni mwa friza. Maji matupu yanayeyuka kwenye sifuri, samaki wameshalegea. Ya chumvi hiyo yanayeyuka kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo yanawashika samaki wakiwa bado wagumu. Na usiku usifungue mfuniko.

DadaWaMwalo: Shikamoo mzee, chupa naanza leo. Kaka fundi, hizo paneli mbili zinatosha?

fundi_sola: Kiangazi, ndiyo, kwa kubanabana. Kuanzia Novemba mawingu yakitanda, hapana. Kwa hiyo tafuta inveta inayochaji betri kwa umeme wa kawaida pia, ukiwepo ijaze, ukikatika ishike. Ukichukua lithiamu, hakikisha chaji kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli kwenda kwenye betri) imesetiwa aina ya lithiamu, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na betri isikae chini ya bati linalochomwa na jua.

DadaWaMwalo: Nimeelewa. Kesho namwambia fundi N70 sizitaki.