Humpty Dumpty avunjike au aungwe?

Mama Nasra: Habari zenu jamani. Kuna jambo linanikereketa. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu. Jana nilimfungulia kipande cha zamani cha Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha makaragosi cha Marekani, ambacho Kermit chura ni mwandishi wa habari, na maikrofoni yake mkononi, anaripoti ajali ya Humpty Dumpty, lile yai la wimbo wa watoto wa Kiingereza linaloanguka ukutani na kuvunjika. Watu wa mfalme wanahangaika naye mpaka wanamuunga, anakuwa mzima kabisa. Kermit kwa furaha anampiga mgongoni kumpongeza. Yai likadondoka tena! Mimi nilicheka. Mtoto alilia mpaka akalala na kwikwi. BBC mwaka 2009, kwenye kipindi cha Something Special cha CBeebies, chaneli yao ya watoto, walibadili mstari wa mwisho wa wimbo: badala ya kushindwa kumuunga, watu wa mfalme wakamrudishia Humpty furaha yake. Huko Uingereza wakasemwa sana, hadi mbunge akaingilia. Mimi naona walifanya vizuri. Nyinyi mnaonaje, mwisho ubadilishwe au uachwe?

Kaka wa Makorora: Uachwe. Sisi tumekua na hadithi za zimwi linalomeza kijiji kizima, na asubuhi tuliamka tukacheza. Mtoto anayelilia yai la sponji amelelewa kwenye pamba.

Mwalimu wa Awali: Mama Nasra, hao hao Sesame Street wana mfano mkubwa kuliko yai. Will Lee, aliyeigiza Mzee Hooper mwenye duka, alifariki Desemba 1982. Wangeweza kusema amehama, au kumweka mwigizaji mwingine. Hawakufanya hivyo. Novemba 1983 Big Bird, yule karagosi ndege mkubwa, alikuja na picha aliyomchorea, wakubwa wakamwambia Mzee Hooper amekufa na harudi tena. Na Takalani Sesame ya Afrika Kusini mwaka 2002 wakamleta Kami, karagosi mwenye virusi vya UKIMWI. Mtoto anaweza kuambiwa ukweli, ila awepo mtu mzima wa kukaa naye. Huo ndio msimamo wangu baada ya miaka mingi darasani.

Mama Nasra: Pamba? Kaka wa Makorora, wewe umelea wangapi? Mwanangu alikuwa ametoka kumzika babu yake wiki mbili zilizopita. Aliona watu wazima wamekusanyika, wanahangaika, na hawakuweza kitu. Halafu unaniambia pamba.

Kaka wa Makorora: Pole kwa msiba, hukuusema mwanzoni. Lakini neno langu liko palepale kwa watoto kwa ujumla. Siku hizi mtoto akijikwaa, nyumba nzima inasimama.

Shangazi Rehema: "Kwa ujumla" gani na wewe umemjibu yeye? Kuwa na adabu. Zimwi lenyewe mwishowe linapasuliwa, na kijiji kizima kinatoka tumboni kikiwa hai, mpaka na mbuzi wao! Bibi zetu walijua mtoto anakwenda kulala. Kwa hiyo mfano wako umekugeukia.

Kaka wa Makorora: Kwetu halikupasuliwa. Lilikimbilia msituni, na liko huko mpaka leo.

Shangazi Rehema: Basi aliyekusimulia alisinzia kabla ya mwisho.

Mzee Tega: Wanangu, mnagombana juu ya yai, na shairi lenyewe halisemi popote kwamba Humpty ni yai. Lisomeni tena. Amekaa ukutani, ameanguka, farasi wote wa mfalme na watu wake wote wameshindwa kumuunga. Basi. Lilichapishwa mwaka 1797 na neno yai halimo, kwa sababu lilikuwa kitendawili! Msikilizaji ndiye wa kufumbua. Baadaye mwandishi Mwingereza Lewis Carroll mwaka 1871 akamwandika kitabuni kuwa yai lenye kiburi, mchoraji Tenniel akamchora, na tangu hapo kila mtu anaona jibu kabla ya swali. Karagosi ndiye aliyemaliza kazi: ukishashona yai lenye macho na suruali, kitendawili kimekufa. Hilo ndilo linaloniuma mimi, si nani kalia.

Wa Kisauni: Mzee, mimi nilisoma mahali kwamba Humpty alikuwa mzinga wa vita huko Colchester, Uingereza. Uliangushwa kutoka mnara wa kanisa, mwaka 1648 kama sikosei.

Mzee Tega: Mji ulizingirwa mwaka huo, ni kweli. Hiyo ya mzinga imebandikwa baadaye sana. Kuna shairi gani la 1648 lenye jina hilo? Nionyeshe.

Wa Kisauni: Sina. Ila mzinga ungeeleza kwa nini farasi wameitwa. Farasi ataunga yai kwa kwato?

Mzee Tega: Ndipo palipo utamu wake! Mfalme ana nguvu zote na bado hawezi kurudisha ganda la yai. Na sisi tunalo lile lile. Kitendawili!

Wa Kisauni: Tega.

Mzee Tega: Nyumba yangu kubwa haina mlango.

Shangazi Rehema: Yai. Lakini hiyo "kubwa" umeitoa wapi? Mimi nimeijua "nyumba yangu haina mlango", basi.

Mzee Tega: Nimeipokea hivyo kwa mama yangu.

Wa Kisauni: Huyu wangu yuko PP1, darasa la kwanza la awali, anaimba Humpty kwa Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza ukuta ni nini katika wimbo huo. Hajui. Mwalimu wake anasema matamshi ndiyo muhimu. Mimi ningefurahi akijua hiki cha nyumba isiyo na mlango kwanza. Tanzania walikuwa na Kilimani Sesame, makaragosi wakizungumza Kiswahili. Kwa nini hatuna vingi vya namna ile?

Mwalimu wa Awali: "Mwalimu wake anasema." Kila jambo ni mwalimu. Wazazi ndio wanaokuja kudai Kiingereza wiki ya kwanza ya muhula. Nikifundisha Ukuti Ukuti naambiwa natwanga maji.

Wa Kisauni: Sikukutaja wewe, mwalimu.

Mwalimu wa Awali: Umetutaja sote.

Mama Nasra: Nimerudi. Nimemtegea mwanangu hicho cha Mzee Tega, bila "kubwa". Amefikiri, akasema kaburi. Nikanyamaza. Halafu nikampeleka jikoni, nikampa yai alishike kwa mikono miwili. Kile kipande cha Kermit nimekiweka kando, akifika miaka mitano tutakitazama pamoja.

Kaka wa Makorora: Hapo sina la kupinga. Samahani kwa lile neno.

Mama Nasra: Samahani yako nimeipokea. Neno lenyewe bado nalikumbuka.