Gumzo la ukoo: benchi lililobaki na mtu mmoja

Shangazi: Bwana Yesu asifiwe, wanangu, na kwa upande wa kaka yangu, Tumsifu Yesu Kristo. Jana katika misa ya shukrani nilikaa nyuma ya mkwe wetu, ambaye kama mimi si Mkatoliki. Wakati wa komunyo benchi zima lilisimama, naye akabaki peke yake, amesogeza magoti kando ili wenzake wapite, macho kwenye kitabu cha nyimbo alichokishika kichwa chini miguu juu. Mimi Mlutheri wa siku nyingi nimekwisha kuzoea kubaki, lakini yeye aliniliza.

Mjomba: Milele na milele, amina. Nilimwona, dada, nami nilisononeka. Hata hivyo tusimlaumu padre, maana kwetu kupokea Ekaristi ni kukiri ushirika kamili na Kanisa, na sheria yetu huwaruhusu Waprotestanti katika nafasi finyu tu, kama vile hatari ya kufa.

Mkwe: Shikamooni, Shangazi na Mjomba. Sikukasirika. Ninachojiuliza ni hiki: ugomvi mkubwa wa wakati wa Luther ulihusu namna mwanadamu anavyohesabiwa haki mbele za Mungu, na juu ya jambo hilohilo Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, kisha Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006. Ikiwa tumekubaliana kwamba tunaokolewa kwa neema, meza inatushinda wapi?

Mjomba: Inatushinda kwenye mikono, mkwe wangu. Nani amemwekea nani mikono kumfanya padre au mchungaji, askofu ana nafasi gani katika urithi wa mitume, na Papa ana mamlaka gani juu ya wote. Hati ya Lima ya mwaka 1982, iliyotoka katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ilizungumzia ubatizo, Ekaristi na huduma. Kwa maoni yangu hiyo sehemu ya tatu ndiyo yenye mafundo.

Binamu: Shalom, familia. Sisi Wapentekoste wa kanisani kwangu humkaribisha mezani yeyote aliyeokoka, ila kizingiti chetu kiko majini. Nilipozamishwa nikiwa mtu mzima, Mama alishinda chumbani akilia, ameshika kile kitambaa cheupe nilichobatiziwa nikiwa mchanga, akiniuliza kama siku ile ilikuwa bure. Mpaka leo sijampa jibu linalomtosha.

Shangazi: Mwanangu, hilo la kitambaa sikulijua. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hutambuana ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, iwe kwa kumwagiwa au kwa kuzamishwa. Ndiyo sababu mkwe wetu hakubatizwa upya alipoolewa. Mama yako alidhani jambo hilo limekwisha kukubaliwa duniani kote.

Mkwe: Kwa kuwa Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo linaanza tarehe 18 Januari na kuishia 25, naomba tukutane jioni moja tukiri kwa pamoja Kanuni ya Imani ya Nisea, ambayo mwaka 2025 ilitimiza miaka 1700 tangu mtaguso wa 325. Je, tuiseme kama ilivyokamilishwa mwaka 381, yaani kama Waorthodoksi wanavyoisema, bila maneno «na Mwana» ambayo Kanisa la Magharibi liliyaongeza baada ya «atokaye kwa Baba»?

Mjomba: Taratibu, mkwe. Usituongezee ugomvi wa karne nyingine kabla hatujamaliza wetu.

Binamu: Kanisani kwetu hatukariri kanuni, lakini niliisoma usiku huu na sikuona mstari wa kuukataa, isipokuwa ule wa ubatizo mmoja, ambao nimeurudia mara tatu. Nitakuja. Nitamwomba Mama akae karibu nami.

Shangazi: Basi tuelewane mapema: tutaanza kwa «Nasadiki» au kwa «Namwamini»?

Mjomba: Anza wewe, dada, nasi tutakufuata.