Obiti haijafungwa: naweza kutaja tungamo la nyota hizi pacha?

Kilimia_: Wakuu, naombeni ushauri. Nina nyota pacha changa kwenye wingu la gesi la Taurus, umbali wa parseki 140 hivi (miaka ya nuru kama 460). Picha za infraredi zinaonyesha nyota ndogo ikisogea kuizunguka kubwa, ila nimepata kama robo tu ya mzunguko. Programu inanipa muda wa mzunguko wa miaka 48, nikibadilisha kidogo inasema 70. Natamani sana kulipata tungamo (kiasi cha maada), kwani nadharia za nyota changa zinapishana mno kwenye nyota ndogo. Nisubiri?

Mpimanyota: Usisubiri mkuu. Unaangalia namba isiyo yako. Tungamo la jumla, kwa kipimo cha Jua, ni mchemraba wa nusu ya mhimili mrefu (katika vizio vya astronomia, yaani umbali wa Dunia hadi Jua) kugawanya kwa mraba wa miaka. Weka nusu-mhimili 14 na miaka 48, unapata 1.19. Weka 18 na 70, ni 1.19 vilevile! Obiti ikirefuka, muda nao unarefuka, uwiano unabaki karibu palepale. Chora grafu ya tungamo kwa majibu yote ya programu, usiishie kwenye muda pekee.

Baba Darubini: Naongezea: umbali ndio utakaokuumiza. Ukikosea kwa asilimia 5, tungamo linakosea kwa asilimia 15 hivi, maana umbali unaingia kwa mchemraba. Na paralaksi (kipimo cha umbali) ya darubini ya anga Gaia usiimeze hivihivi. Kama Gaia iliziona pacha kama nukta moja, mzunguko wao ulichafua kipimo. Tumia umbali wa nyota jirani za kundi hilohilo.

Kilimia_: Asanteni sana. Na tungamo la kila moja?

Mpimanyota: Hapo obiti ya moja kuizunguka nyingine haitoshi. Doppler (kupima kasi kwa kuhama kwa mistari ya mwanga) itakusumbua: kasi yao ni kilomita chache kwa sekunde, nyota changa zinajizungusha haraka, mistari ya spektra inaingiliana, na madoa ya nyota yanaipotosha zaidi. Kama kuna nyota ya tatu kwenye picha, pima zote mbili dhidi yake. Inayoyumba kidogo ndiyo nzito. Nyota pacha T Tauri Sa na Sb zilipimwa hivyo, dhidi ya nyota ya tatu, T Tauri N.

Kilimia_: Ipo moja pembeni ya fremu, nilikuwa naikata!

Baba Darubini: Acha kuikata. Rudia picha za zamani zote kabla hujaomba muda mpya wa darubini.