Naomba ushauri: kampuni ya simu inaona ninachosoma?

Wakuu, naombeni msaada. Mama amegundulika na kisukari mwezi uliopita, nikawa nasoma habari zake usiku kwa bando la simu. Sijamwambia mtu. Sasa kampuni yangu ya simu inaniletea meseji za matangazo ya dawa za sukari karibu kila siku! Najua tovuti zenye alama ya kufuli huficha kurasa, lakini mtoa huduma bado anaweza kuona jina la tovuti. Imeniuma sana, ugonjwa wa mzazi si bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaniruhusu kukataa taarifa zangu zitumike kwa matangazo. Je, nianze kwa kuwaandikia barua, au niende moja kwa moja kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Aliyewahi kulalamika alifanyaje?